Yai na Majirani Zake

Nyakitonto, 23 Novemba 2013

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Nina miaka kumi na minane na sijawahi kupata siku zangu. Hata mara moja.

Sasa nimeliandika. Nimefunika karatasi kwa kiganja kama vile kuna mtu anachungulia, na chumbani niko peke yangu.

Wenzangu wote darasani walianza zamani. Mimi nilijiambia labda mwakani, halafu tena labda mwakani. Nilipokuwa kidato cha pili, Bibi Niyibizi, mama yake baba, aliniuliza mbona mimi naingia tu kwenye maboga kila siku ya Mungu. Huku kwetu msichana aliye kwenye siku zake haingii kwenye maboga. Wanasema akipita juu ya matawi yake, maboga yanaoza yakiwa bado machanga. Mambo yenyewe hayazungumzwi. Mama hajawahi kuniuliza wala mimi sijawahi kumwambia. Msichana anasema tu, "Leo siingii kwenye maboga," mwingine anakwenda kuchuma msusa, yale majani ya maboga ya mboga, badala yake, na nyumba nzima imeelewa.

Basi na mimi nikaanza kusema. Kila mwezi ukiandama nilisema, "Leo siingii," nikakaa jikoni siku kadhaa nachambua maharage. Bibi akaridhika. Nimedanganya hivyo hadi nilipokwenda kambi ya shule kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne.

Jana nimerudi nyumbani, shule imekwisha. Kwenye mtihani wa Baiolojia lilikuja swali la yai la binadamu. Nililijibu kuliko maswali yote.

26 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Tumepalilia mahindi mimi na mama. Jioni nimechuma msusa.

1 Desemba

Baada ya misa Majaliwa alinisindikiza hadi kwenye kijito. Yeye ni mfyatua matofali, kwao ni ng'ambo ya pili. Ni mtu wa kucheka, na mimi mbele ya watu wa kucheka huwa nakosa maneno.

"Herieth, wewe ukiongea hata kuku hasikii."

"Anasikia."

"Haya, kasikia nini?"

"Kwamba matofali yako yananyeshewa na wewe uko hapa."

Alicheka mpaka akashika magoti. Sijawahi kumchekesha mtu. Nimerudi nyumbani natembea kwenye matope kama niko kwenye sakafu.

7 Desemba

Mvua. Msusa. Baba ameezua banda la mbuzi, linavuja.

15 Desemba

Majaliwa amenionyesha tanuri lake. Kando yake kuna matofali mengine mabichi ameyatenga, amefunika kwa nyasi. Nikamwuliza kama na yale ni ya kuuza.

"Yale hapana. Yale yana mwenyewe."

"Nani?"

"Mmoja hivi, sauti yake haisikiki."

Nilitazama chini. Nikitazama chini huwa nafikiri watu hawanioni.

19 Desemba

Msusa tena. Bibi anasema siku hizi nina miguu myepesi ya kwenda bustanini.

29 Desemba

Wazee wa kina Majaliwa wamekuja na pombe ya ndizi, wamesema neno lao. Baba amewajibu tusubiri kwanza matokeo ya mtihani, binti asije akaolewa na huku amechaguliwa kuendelea na masomo. Hakukataa. Mama aliimba siku nzima akiosha vyombo. Mama huwa haimbi. Huwa namwona kama mtu wa amri tu: leta kuni, funga mlango, inuka.

Nilipokuwa napeleka sahani niliwasikia wakisema, "Bwakeye mfalme," salamu ya Kiha ya kumwamkia mfalme, sijui wanamtania nani. Mimi nilikuwa nafikiria matofali yaliyofunikwa nyasi.

11 Januari 2014

Tunavuna maharage kabla mvua haijayaozesha. Mgongo unauma. Nimechuma msusa. Bibi ananitazama, kila nikigeuka ananitazama.

16 Januari

Leo nimejua kwa nini.

Nilikuwa natoka bustanini na kapu la msusa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, hakusogeza miguu nipite.

"Mama Herieth! Hebu njoo hapa, mwanangu."

Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Huyu tangu arudi kutoka huko kambini hajakosa maboga hata siku moja," Bibi akasema. "Umeona wewe? Mwezi umeandama, anaingia. Umeandama tena, anaingia. Mimi nimezeeka, sijafa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilisahau. Miezi yote hii, na furaha yangu ya kijinga, nilisahau kusema, "Leo siingii." Miaka nimecheza mchezo ule bila kukosea, nikaja kukosea wakati wa Majaliwa.

Mama aliniangalia tumboni. Tumbo langu ni dogo kama la mtoto wa darasa la tano, lakini aliliangalia kana kwamba limeshajaa.

"Mimba ya nani?" akauliza. Sauti haikuwa ya amri. Ilikuwa ndogo.

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema hakuna mimba, hakuna mwanaume aliyenigusa. Lakini wangesema, basi mbona huachi maboga? Na jibu la hapo sijawahi kulitoa mdomoni tangu nizaliwe. Nilisimama na kapu langu. Kimya changu wakakipokea kama ndiyo.

"Si nilisema," Bibi akasema. "Wapole ndio hao."

Mama aliinua mwiko anipige, halafu akaushusha, akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

17 Januari

Baba amevuka kijito asubuhi hata hajanywa uji. Nilijificha nyuma ya banda la mbuzi nikimwomba Mungu Majaliwa akane. Angekana, angekuwa amesema kweli. Hajawahi hata kunishika mkono, isipokuwa siku moja maji yalipojaa kijitoni akanivusha.

Baba alirudi ametulia.

"Amekubali," akamwambia mama. "Hakubisha. Anasema ni yake, ataitunza."

Nilikaa chini kwenye mavi ya mbuzi.

Jioni nilimkuta kijitoni, ananingoja. Hakucheka leo.

"Majaliwa, kwa nini umesema hivyo?"

"Sijakuuliza kitu, na wewe usiniulize."

"Lakini hakuna..."

"Herieth. Sikuulizi ni ya nani. Nikikaa najua nitaumia, kwa hiyo sikai, nafyatua matofali. Mtoto atalala kwenye nyumba ile ile ninayokujengea. Yeye amekosa nini?"

Nililia. Akadhani nalia kwa aibu ya kosa langu, akageuka pembeni ili asinione. Huyu mtu anaamini nilikuwa na mwanaume mwingine, na bado amejitwika. Tangu leo simwoni tena kama mtu wa kucheka.

20 Januari

Nina mengi ya kuandika leo.

Mama amenipeleka hospitali mjini Kasulu ili wamwambie mimba ina muda gani. Barabara imekuwa uji mtupu, pikipiki ilituangusha mara mbili. Tulifika kama vinyago vya udongo. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anaitwa Marguerite, ana mguu uliovimba. Alitutazama akapiga makofi.

"Eeh, bamama! Munatoka kulima ao munatoka kuzikwa?"

Mama alicheka. Sikutegemea. Marguerite akanipa kitambaa chake nijifute uso. "Kama docteur akikuuliza kitu, umujibu," akaniambia. "Ule mama iko mukali, lakini mukali ya kweli. Si mukali ya bure."

Muuguzi alinipima mkojo. "Hamna mimba hapa."

"Pima tena," mama akasema.

"Mama, ningekuwa naweza kuitia mimba ningeitia, lakini haipo."

Akapima tena. Haipo. Akatupeleka kwa daktari mwenyewe.

Anaitwa Daktari Ghati, mtu wa Mara, amehamishiwa huku. Alikuwa anaandika huku anakula hindi la kuchoma, hakuinua kichwa. Nilimchukia hapo hapo.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Nikamtazama mama.

"Mama, tupishe kidogo."

"Siondoki. Nimemzaa mimi."

Nilikumbuka maneno ya Marguerite. Nikamtazama daktari kwenye mkono wenye hindi, si machoni, nikasema, "Sijawahi."

"Hujawahi nini?" mama akauliza.

"Kuona."

Halafu mama akasema kitu ambacho daktari hakukielewa. "Na maboga?"

"Maboga gani?" daktari akauliza.

"Nilikuwa nadanganya, mama," nikasema. "Maboga yote nilikuwa nadanganya."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Daktari aliweka hindi chini. Tangu hapo hakuligusa tena. Alinisimamisha ukutani akanipima urefu, akageuza mikono yangu, akakishika muda mrefu kidole changu cha nne ambacho ni kifupi, akanitazama shingo. Alinilaza akanipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha picha. Alitazama kioo muda mrefu. Kisha akatukalisha, akachana boksi tupu la glovu, akachora duara kubwa, na viduara vingi vimelizunguka.

"Hili kubwa ni yai. Hawa wadogo ni majirani zake. Shuleni walikufundisha kwamba yai linapevuka kila mwezi?"

"Ndiyo."

"Hawakukwambia lilianza lini. Lilianza wewe ukiwa bado tumboni mwa huyu hapa." Alimwonyesha mama kwa kalamu. "Lilianza kujigawa, likafika katikati, likasimama. Mayai ya kila mwanamke yanakaa hivyo hivyo, katikati, miaka na miaka."

"Yanangoja kuamshwa," nikasema. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Yai lililokua vya kutosha, ukilitoa pale lilipo ukaliweka peke yake, linaendelea lenyewe. Halikulala. Linazuiwa." Akachora vijia vyembamba kutoka kwenye viduara hadi kwenye duara kubwa. "Majirani wanapitisha kemikali kwenye vijia hivi, bila kupumzika. Ujumbe wake ni mmoja tu. Bado. Bado. Bado. Ujumbe ukiingia, yai halisogei. Siku ikifika, tezi iliyo chini ya ubongo inamwaga homoni kwenye damu. Lakini ile homoni haiongei na yai, yai haliisikii kabisa. Wanaoisikia ni majirani. Wakishaisikia, wanaacha kusema bado, na vijia vinajifunga. Yai likikosa ile bado, kwa saa chache tu linamaliza kazi iliyosimama tangu kabla hujazaliwa."

Mama alikuwa ameinamia mchoro. "Kwa hiyo majirani wanamfungia?"

"Wanalilinda, mama. Likiendelea kabla ya wakati linaharibika."

"Na huyu wangu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Inawezekana ubongo wake haujatuma ujumbe. Wapo mabinti wa namna hiyo, wanachelewa, na hao tunawasaidia. Au..." Akaacha hapo. "Tupime damu kwanza. Inabidi iende Mwanza. Kwa mvua hizi msihesabu siku."

Tulirudi jioni. Njiani kila penye utelezi mama alinishika kiwiko.

21 Januari

Mama amemwambia Bibi, "Hakuna mimba. Na maneno ya maboga yaishe humu ndani." Bibi akaguna. Kwa baba amesema tu mimba haipo na vipimo vinaendelea.

Majaliwa nimemwambia mwenyewe kwamba hakuna mimba na haikuwahi kuwepo, na kwamba sijawahi kuwa na mtu. Alikaa juu ya rundo la udongo. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena.

"Basi nilijipa mimba ya bure mimi!" akasema. "Mama yangu ameshaanza kuchagua jina." Halafu akasema polepole, "Haidhuru. Wa kwangu atakuja kwa wakati wake."

Nilitaka kumwambia yaliyobaki. Nikasema nitamwambia damu ikirudi kutoka Mwanza.

28 Januari

Mvua. Mwanza kimya.

2 Februari

Mwanza kimya. Nakaa nafikiria yale maneno. Kama mayai yangu yanazuiwa, basi yapo. Kitu kisichokuwepo hakizuiwi. Hili limenipa moyo kuliko sala zote. Natembea nikijisemea, bado, bado, na neno ambalo lilinitesa miaka yote limegeuka kuwa neno zuri.

9 Februari

Mvua ya upepo. Nyasi zimepeperuka, safu ya juu ya matofali ya Majaliwa imerudi udongo. Anafyatua mengine.

16 Februari

Mwanza kimya. Mama amenitengea maziwa ya mbuzi kila asubuhi. Hasemi ni kwa ajili ya nini. Mimi nakunywa.

22 Februari

Matokeo yametoka. Nimefaulu daraja la tatu, Baiolojia nimepata B. Baba amechinja jogoo. Majaliwa amekuja kunipongeza, akaniuliza kama kidato cha tano nitachaguliwa mbali. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua kungoja, kazi ya matofali imemfundisha, ukiyachoma mabichi yanapasuka.

3 Machi

Tunapanda maharage ya pili. Mwanza kimya.

7 Machi

Nimeota nimeona siku zangu. Kwenye ndoto nilikimbia kumwambia mama, na mama akaimba. Nimeamka nikatazama shuka.

14 Machi

Imekuja simu kwa mama. Daktari anasema tuje.

17 Machi

Hatukupata pikipiki, tulitembea hadi barabara kubwa, gari la maharage likatubeba. Daktari Ghati alikuwa amesimama dirishani. Hakukuwa na hindi leo. Alimpa mama kiti chake mwenyewe, na hapo nilijua.

"Herieth, nitakwambia moja kwa moja. Homoni ya ubongo ipo juu, juu mno. Ubongo wako ulituma ujumbe siku nyingi. Hakupatikana wa kujibu, ukatuma tena. Sasa unapiga kelele."

"Majirani hawasikii?"

"Majirani hawapo. Majirani wanakaa penye yai." Aliniangalia usoni. "Mayai yako yaliisha mapema sana. Mengi, nadhani, kabla hujazaliwa. Nadhani kuna kipande cha urithi ulichokikosa tangu mwanzo kabisa, ndiyo sababu ya kimo chako na hiki kidole. Kipimo cha kuthibitisha hatuna hapa. Lakini jibu la mayai ninalo."

Nikasema, "Kwa hiyo hakuna anayeambiwa bado."

"Hakuna."

Nilifikiri nitalia. Sikulia. Nilimwona mama.

"Nilipokuwa na mimba yake nilikuwa nabeba kuni," mama akasema. "Mizigo mikubwa."

"Siyo hiyo, mama."

"Nilianguka kisimani nikiwa wa miezi mitano."

"Siyo hiyo."

"Nilikula udongo. Nilikuwa na hamu, nilikula kwenye kichuguu."

"Hapana."

"Niligombana na mama mkwe, nikakaa siku mbili sijala kwa hasira. Nilikuwa na mtoto tumboni na nikakaa sijala."

"Mama Herieth," daktari akasema, akapiga magoti mbele ya kile kiti, yeye na koti lake jeupe, "hukufanya kitu. Si wewe, si baba yake, si yeye. Ni kitu kilichotokea kabla hata hujajua kwamba una mimba."

Mama alitikisa kichwa. Nilielewa kwamba angependa liwe kosa lake. Kosa unaweza kuliungama. Miaka yote nilidhani mama ni wa amri, kumbe ni mtu anayeogopa tu, anafunga milango.

Daktari alieleza mengine. Kuna vidonge nitakunywa kila siku, kwa ajili ya mifupa na mwili kukua. Moyo wangu nao upimwe. Nitaona hata siku zangu kwa sababu ya vidonge, lakini yai halitakuwepo.

"Basi hapo ndipo ataacha kuingia kwenye maboga," mama akasema. Aliposikia alichokisema, ndipo akalia.

Wakati tunatoka daktari alinishika bega. "Ile siku ya kwanza sikutakiwa kukwambia kwamba labda unachelewa tu. Nilikuona unavyouangalia ule mchoro, nikashindwa kunyamaza. Nisamehe."

Nikamjibu kwamba nilipata wiki kadhaa nzuri. Ni kweli.

23 Machi

Nimelala.

30 Machi

Mama hataki nimwambie Majaliwa. "Olewa kwanza," anasema. "Nyumba ngapi hazina watoto na hakuna anayejua sababu ni nani?" Nikamwambia huko ni kurudi kwenye maboga, nimekwishachoka. Akainuka, akafunga mlango. Halafu akasema, "Basi mwambie. Lakini usiwe umesimama. Mkae chini."

6 Aprili

Mvua imepungua. Sijamwambia.

12 Aprili

Majaliwa amechoma tanuri lote. Moshi umevuka kijito hadi kwetu. Kesho kutwa atafungua.

21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Nimemwambia.

Nilifanya kama mama alivyosema, tukakaa chini kando ya tanuri. Matofali yametoka mekundu, mazuri. Alikuwa anagonganisha mawili nisikie yanavyolia. Niliyasema yote, kwa sauti ya kusikika, sijui niliipata wapi. Nikamweleza na vijia, na majirani, na ujumbe. Nilimaliza kwa kusema, "Sitazaa, Majaliwa. Siyo bado. Ni kwamba sitazaa."

Siandiki hili ili aonekane mbaya. Nataka kukumbuka ilivyokuwa.

Moyoni nilikuwa na uhakika. Mtu aliyekubali mtoto wa mwanaume mwingine bila hata kuuliza jina, huyu atashindwa nini? Nilishaanza kujiandaa kumwambia asikubali haraka, afikiri kwanza. Maneno hayo nilikuja nayo kutoka nyumbani.

Sikuyatumia. Aliweka tofali moja chini, halafu la pili, akayasogeza yakae sawa. Akasema mvua ikikatika mapema maharage ya pili hayatajaza. Nikasema ndiyo. Akasema tofali zuri ni la udongo wa kule bondeni. Nikasema ndiyo.

"Mimi ni mtoto wa pekee kwa mama yangu," akasema mwishowe.

"Najua."

"Mtoto wa mtu ningemlea, Herieth. Wallahi ningemlea. Kulikuwa na mtoto."

"Najua."

"Hili sikulijua kwamba nitalishindwa. Nimejaribu hapa hapa, ulipokuwa unaongea. Nimejaribu." Alikuwa analia waziwazi, pua na macho. Nilimpa khanga yangu ajifute.

Tulikaa hadi kivuli cha tanuri kikatufikia. Ndipo akauliza, kama mtoto, "Nitasema nini nyumbani? Nikisema nimekuacha, watataka sababu. Mama yangu hatanyamaza mpaka aijue."

Mwezi wa kwanza alisimama mbele ya baba yangu akasema uongo kwa ajili yangu, akaiita mimba yake. Sikufikiri sana.

"Sema nimekukataa," nikamwambia. "Sema Herieth amefaulu, amepata daraja, sasa haoni mfyatua matofali kuwa mtu."

"Watakutukana."

"Watanitukana kwa hilo. Siyo kwa lile."

Alinirudishia khanga yangu. Nilivuka kijito peke yangu, maji yamepungua.

27 Aprili

Yamefika. Leo baada ya misa wanawake wa ng'ambo hawakunipa mkono. Mmoja alisema nyuma yangu, makusudi nisikie, "Kasoma kidogo tu, shingo imeota." Mwingine akasema, "Kijana wa watu alikubali hadi mimba ya kusingiziwa, malipo yake ndiyo haya." Bibi naye ananisema kwa Kiha chini chini akidhani sisikii. Mama peke yake ndiye anayejua. Aliposikia maneno ya yule wa shingo alisimama njiani, mdomo ukafunguka, nikamfinya kiganja. Akaufunga. Tukatembea tumeshikana mikono hadi nyumbani, jambo ambalo hatujawahi kulifanya tangu nilipokuwa mdogo.

Majaliwa alikuwa upande wa wanaume. Hakuinua kichwa misa nzima.

Nimeanza vidonge. Kidato cha tano bado hawajapanga majina.

Wewe uliyesoma hadi hapa, sikujui, na wewe hunijui isipokuwa kwa haya. Umejua la kwangu, sasa umejua na la kwake. Nakuomba, ukipita Nyakitonto ukakuta wanalizungumza, usinitetee. Usiseme Majaliwa alishindwa. Sema kama wanavyosema wote, kwamba Herieth alimkataa mtu mwema kwa majivuno ya shule. Sema hivyo, hasa mama yake akiwa karibu.